Ukibonyeza "Toka", Kweli Umetoka?

Wasee, leo naongea na nyinyi mnaojifunza kuandika programu. Kama huandiki, soma tu, hii kitu inakuhusu kila ukiingia saiba.

Mimi ni wa Rodi Kopany, kaunti ya Homa Bay. Hapa kwetu simu si ya mtu mmoja. Mama anaitumia, mtoto anafanyia kazi ya shule, shemeji anaiazima. Na mwenye hana smartphone anaenda saiba, anakalia kompyuta ambayo watu wengine wameikalia tangu asubuhi.

Sasa nilikuwa natengenezea chama cha kina mama programu ndogo ya hesabu, kwa Python na Flask. Kila mwanachama anaingia, anaona michango yake na mkopo wake. Hapo ndipo sesheni inahitajika.

Iko hivi: HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi likifika kwa seva ni kama mgeni mpya, hivyo ungeandika paswadi kila ukifungua ukurasa. Mwaka wa 1994, Lou Montulli wa Netscape alileta kuki. Seva inaipa brauza kitu kidogo cha kubeba, nayo inakirudisha kila safari. Ni kama kuacha mzigo stage: unapewa karatasi yenye namba, na ukirudi nayo huulizwi jina. Mwenye karatasi ndiye mwenye mzigo.

Hata kama aliiokota. Hiyo ndiyo shida.

Mwaka wa 2010, Eric Butler alitoa Firesheep, nyongeza ya Firefox. Ukiwa kwa Wi-Fi ya wazi, ungeweza kuchukua sesheni ya Facebook ya jirani yako bila kujua paswadi yake.

Flask nayo, usipoibadilisha, huweka data ya sesheni ndani ya kuki yenyewe, ikiwa na sahihi. Sahihi inazuia mtu kuibadilisha, haizuii kuisoma. Na seva haina daftari la walio ndani. Ukibonyeza "Toka", kuki inafutwa kwa brauza hiyo tu. Mtu akiwa aliinakili mapema, nakala yake inaweza kukubalika hadi siku 31. Chama kikikutana kila wiki, hiyo ni mikutano minne mtu akichungulia deni lako.

Ndio maana niliweka daftari kwa seva. Jedwali moja la SQLite: tokeni, namba ya mwanachama, saa ya mwisho. Tokeni natoa kwa secrets.token_urlsafe(32), yaani baiti 32 ambazo hakuna mtu atabahatisha. Kila mtu akiingia anapata mpya. Dakika 15 bila kugusa kitu, seva inafuta safu yake. Akibonyeza "Toka", inafutwa papo hapo, na karatasi inabaki bila mzigo. Kuki naiwekea HttpOnly ili JavaScript isiisome, na Secure ili isafiri kwa HTTPS pekee.

Mweka hazina aliniuliza, "Mwanangu, mbona inanitoa kila saa?" Nikamuuliza, "Mama, hii simu ukiiacha nyumbani inashikwa na nani?" Akacheka, akanyamaza kidogo. "Basi iache hivyo."

Maoni yangu ni haya. Masomo mengi tunayofuata yanadhani kila mtu ana laptop yake chumbani. Sisi tunajengea watu wanaoshiriki kifaa kimoja, na siri ya mkopo wa mtu ni heshima yake kijijini. Kwetu "Toka" si kitufe cha kupamba ukurasa.

Kabla hujampa mtu programu yako, fanya jaribio hili. Ingia, nakili kuki yako, bonyeza "Toka", kisha irudishe kwa brauza na ufungue ukurasa upya. Ukijipata ndani, kazi bado haijaisha.