Mbeleko ya Baba

Kwetu, katika mahari huwamo fungu la mbeleko, shukrani kwa mama aliyembeba binti mgongoni. Mimi nililipa fedha taslimu, nikadhani deni limekwisha.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa njiti, kilo 1.5. Mke wangu alikuwa amepasuliwa, hajiwezi. Muuguzi akasema mtoto anahitaji joto la ngozi kwa ngozi, kifuani wala si mgongoni, kwa njia iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Akauliza, "Nani atambeba?"

Nikainamisha kichwa. Kuvua shati mbele ya mkwe ni aibu kubwa. Lakini mama mkwe alikwisha kufungua kanga yake ya kujitanda. Akasema, "Vua, baba. Mtoto hana muda wa kungoja haya zetu."

Akamlaza wima kifuani pangu, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande apate kupumua, akakaza fundo. Usiku kucha nilihesabu pumzi zake. Alfajiri vile vinyayo vilivyokuwa baridi vilikuwa na joto.

Fedha ya mbeleko nililipa siku ya posa. Mbeleko yenyewe niliilipa usiku ule.