Mipira ya buluu nusura initoe roho!

Jamani, msimwone mtu anaendesha taratibu mkadhani ni mshamba. Mwenzenu nimekoma.

Siku hiyo napanda Kitonga na kagari kangu, Corolla kuukuu, naelekea Iringa. Mama yangu mbele, watoto wa dada nyuma. Mara puu! Mvuke ukafunika kioo chote. Mama akaanza kusali, mimi nikasogea pembeni, dogo akateremka kuweka jiwe kwenye tairi. Kumbe mpira wa juu wa rejeta umepasuka. Kwa nje ulionekana mzima, ndani umechanika vibaya.

Niliporudi Dar nikaapa, mpira mweusi basi! Kariakoo jamaa wa spea akanionyesha mipira ya silikoni, ya buluu, inang'aa kama pipi. Bei mara tatu ya ile ya kawaida. "Kaka, hii kiboko. Funga gari zima, mpaka njia ya petroli." Nikagusa hela ya kodi ya nyumba, nikabeba yote.

Fundi wangu wa Ilala, mzee wa siku nyingi, alipofungua mfuko akatikisa kichwa.

"Mwanangu, ya maji nitakufungia. Hii ya petroli karudishe."

"Lakini mzee, si nimeshalipa?"

"Umelipa kujichoma."

Akanifafanulia. Silikoni inavumilia joto hasa, hadi karibu nyuzi 180, wakati mpira mweusi wa maji huanza kuchoka ukipita nyuzi 125 hivi. Haikakamai upesi, na inadumu miaka. Hapo inastahili sifa. Ila petroli na oili ndiyo maadui zake: inavimba, inalegea, mwisho inavuja. Petroli ikidondokea injini ya moto, mnatafutana! Nikamkumbuka mama pale siti ya mbele. Ubishi ukaniisha.

Kuna na vituko vingine. Silikoni ni laini, klipu za kawaida zenye matundu zinaikata. Inataka klipu nyororo kwa ndani. Tena inapitisha mvuke kidogo kidogo, maji ya rejeta yanapungua na chini huoni hata tone. Kwa hiyo kila Jumamosi, injini ikiwa imepoa kabisa, nakagua.

Jamaa wa spea aligoma kurudisha pesa. Kampira kale ka petroli sasa kananing'inia ukutani, kananikumbusha ujinga wangu. Baba mwenye nyumba naye nilimkwepa wiki mbili nzima.

Ushauri wangu? Kama mfuko unaruhusu, weka silikoni njia ya maji. Kama hauruhusu, mpira mweusi mpya wa maana unatosha, mradi uubadilishe kabla haujakubadilisha wewe. Lakini njia ya petroli, tafuta mpira wa petroli.

Mama? Bado anapanda gari langu. Ila siku hizi kabla ya safari ananiambia, "Fungua boneti kwanza, nione."