"Gitabu" si kosa la ulimi

Ninafundisha watu wazima kusoma na kuandika hapa Butembo, mashariki mwa Kongo. Wengi hutoka Beni na Lubero, nao ni wasemaji wa Kinande. Vita vilipofika Kanyabayonga mwaka 2024, walijiunga nasi wazaliwa wa Rutshuru wanaosema Kinyarwanda. Katika imla ya Kiswahili waliandika "gitabu" na "gikombe", na darasa likacheka.

Nikasoma madaftari yao kwa makini. Walewale waliandika "kidole", "kijiji" na "kiberiti" sawasawa. Mtu asiyezijua herufi huchanganya popote. Hawa walifuata kanuni. Katika Kinyarwanda, k ya kiambishi hugeuka g ikiwa silabi inayofuata inaanza kwa sauti isiyotikisa koo, kama t, k au s. Ndiyo maana husema igitabo lakini ikibazo, gukora lakini kugenda. Sauti mbili za aina moja zilikaribiana mno, moja ikajitenga. Kinande chetu hakikupita njia hiyo: ekitabu imebaki na k yake.

Mwaka 1903 mtaalamu Mjerumani Carl Meinhof aliipa kanuni hii jina la Dahl, mmisionari aliyeitambua katika Kinyamwezi. Imo pia katika Kirundi na Kikuyu, ambacho wenyewe hukiita Gĩkũyũ. Hata Kifaransa kina badiliko la jamaa hii: peregrinus ya Kilatini imekuwa pèlerin, neno tunalolisikia kanisani kila msimu wa hija. R mbili zilikutana, ya kwanza ikawa l. Hakuna anayemcheka padri kwa kulitamka.

Kwa hiyo mimi huwaambia wanafunzi waguse koo, wavute s, kisha z, wasikie mtikisiko. Tofauti ya k na g ni hiyohiyo. Wakishaielewa, tunaandika kitabu kwa k, kwa kuwa ndiyo tahajia ya Kiswahili.

Jambo hili lina uzito kwetu. Beni na Butembo zimezika watu wengi, na hofu imetuzoeza kupima matamshi ya mgeni kabla ya kuitikia salamu yake. Herufi g haisemi lolote kuhusu moyo wa mtu. Inaonyesha tu lugha aliyolelewa nayo. Walimu wenzangu, sahihisheni daftari, mweleze kanuni, na msiruhusu mwanafunzi yeyote achekwe kwa sababu ya lugha ya mama yake.