Karakana ya Watu Wazima katika Ufipa

Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Neno hili twalisikia mara nyingi kwa watu wazima wa Sumbawanga tunapowaalika kuja kujifunza kazi za mikono. Hutujibu kwa upole, "Waalimu, sisi tumekwisha kauka, wafundisheni watoto." Nasi hatubishani na wahenga, maana walisema kweli juu ya samaki. Lakini Ufipa ni nchi ya wahunzi, na chuma hakina desturi ya samaki. Jembe lililochakaa miaka ishirini, likitiwa motoni, hukunjika kama lile lililofuliwa jana. Kinachotakiwa ni moto tu.

Sisi waalimu wachache, pamoja na jirani zetu kadhaa, twatunza karakana ndogo ya watu wazima pasipo mshahara. Ni chumba kimoja chenye meza nne, jiliwa mbili, misumeno, randa, patasi, tupa, keekee na cherehani moja. Hufunguliwa Ijumaa jioni na Jumamosi mchana kutwa. Kila mtu mzima aweza kuingia akatengeneza kitu cha nyumba yake au cha shamba lake. Haulizwi cheti wala hatozwi ada. Twapenda kuwaeleza wasomaji yale tuliyoyaona humo, kwa kuwa twajua wako wenzetu wenye nia kama hii.

Kwanza yafaa kukumbuka ya kuwa jambo hili si geni katika nchi hii. Mahali pengi katika uwanda wa Ufipa yamesalia mabaki ya malungu, yaani tanuru ndefu za udongo ambamo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma. Ilungu moja lilisimama kadiri ya mita 3, pana chini na jembamba juu, lenye matundu kulizunguka shinani. Halikuvukutwa, urefu wake wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu yale, na mkaa ukawaka kwa nguvu. Kisha chuma kile kichafu kilitiwa katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe, ambayo ndiyo iliyovukutwa kwa mivukuto, kikasafishwa. Ndipo wahunzi walipofua majembe, mashoka na mikuki. Padre Wyckaert, wa Shirika la Mapadre Weupe, aliandika habari za wahunzi hawa mwaka 1914.

Mtu mmoja hawezi kusimamisha ilungu. Lazima wawepo wa kuchimba mawe, wa kukata miti na kuchoma mkaa, na wa kukanda udongo. Kazi ilikuwa ya wengi, lakini siri za ilungu, dawa zake na miiko yake, zilikuwa mikononi mwa mkuu wake. Majembe ya ng'ambo yalipoingia kwa bei rahisi, kazi ilififia, na kufika katikati ya karne ya 20 malungu yalikuwa yamezimika. Wataalamu waliokuja baadaye kutaka kuuandika ujuzi ule iliwapasa kuwatafuta wazee waliokuwa wakiukumbuka. Hapo twaona ya kuwa kazi yaweza kuwa ya watu wengi, walakini ujuzi ukikaa kwa wachache, huzeeka pamoja nao. Wazee husema jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Nasi twaongeza ya kuwa siri za ufundi nazo hazina budi kutupwa mlangoni.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya karakana ni hii: aliyejifunza chombo kimoja humfundisha mwingine kabla ya kushika chombo cha pili. Sheria hii ni nyepesi kuisema na nzito kuitenda. Mama mmoja, mkulima wa maharage, alijifunza keekee, akapewa mzee mmoja wa kumfundisha. Mzee akakaa kimya, asiunyoshe mkono, maana mwalimu wake alikuwa na umri wa binti yake. Yule mama akapiga goti kidogo, akasema, "Baba, mimi sikufundishi wewe, naifundisha mikono yako tu." Mzee akacheka, akashika keekee. Leo yeye ndiye awafundishaye wageni, tena kwa ukali kuliko sisi.

Jambo lililotutikisa zaidi lilitoka nje. Mafundi seremala watatu wa mjini walitujia, wakasalimu kwa adabu, kisha mmoja akasema, "Waalimu, ninyi mna mshahara wa shule. Watu wakijitengenezea meza kwenu bure, watoto wetu watakula nini?" Swali hilo lilitunyima usingizi. Baadhi yetu walisema maskini ana haki ya kujisaidia. Wengine walisema tendo jema linalomnyang'anya jirani mkate wake si jema tena, wakakumbusha ya kuwa Mtakatifu Paulo mwenyewe alikula kwa jasho la kushona mahema.

Baada ya majuma mawili tulikata shauri. Karakana haipokei kazi ya mteja yeyote. Mtu hujitengenezea kilicho chake. Anayetaka kuuza hupelekwa kwa fundi wa mjini awe mwanafunzi wake. Mafundi nao waweza kutumia jiliwa na mashine ya kunolea asubuhi za juma, na badala yake hutufundishia siku moja kila mwezi. Wawili walikubali. Wa tatu hata sasa hutusalimu kwa shingo upande, wala hatumlaumu, maana hofu yake ni ya kweli.

Habari ya vyombo nayo yataka akili. Ukutani tumechora umbo la kila chombo mahali pake, hata nafasi ikiwa tupu kila mtu huiona. Aazimaye huandika daftarini, na asiyejua kuandika huchora alama yake. Tupa tatu na nyundo moja zimepotea, lakini kabati halifungwi saa za kazi, kwa sababu mtu anayeshukiwa hajifunzi vema. Msamaria mmoja wa mbali alituletea mashine nzuri ya kukereza, ambayo haiendi ila kwa umeme wa njia tatu, nasi tuna wa njia moja. Imesimama imefunikwa shuka. Karibu yake watu wamejitengenezea chombo cha kupukuchulia mahindi, cha ubao na misumari, kinachokwenda kwa mkono. Hicho hakijalala hata siku moja. Kule Arusha, Bernard Kiwia, fundi wa baiskeli, amejulikana kwa kuunda vyombo kwa vipande vya baiskeli, kama kile cha kuchajia simu kwa kukanyaga pedeli, akafungua karakana ili wengine wabuni vyao. Naye hakungoja vitu vya mbali. Alianza na vilivyokuwa mbele yake.

Taifa nalo halikulala. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 lilianzishwa shirika la SIDO la kuhudumia viwanda vidogo. Lakini yuko mtu asiyetaka cheti wala mkopo. Ataka tu kuutengeneza mlango wake usiingize baridi ya mwezi wa Julai. Mtu huyo ndiye mgeni wetu.

Hatusemi kazi hii haichoshi. Kila mwaka mmoja au wawili huondoka kwa kuhamishwa, kwa ugonjwa, au kwa kuchoka tu. Ndiyo maana hatumruhusu mtu kushika zamu zaidi ya mbili kwa mwezi, hata akitaka, maana mkaa uwakao wote mara moja hauivishi chungu.

Basi, waalimu wenzetu, mkitaka kuanza, anzeni na meza moja na watu watatu. Nendeni kwanza kwa mafundi wa mahali penu, mkawaulize kabla hawajaja kuwauliza ninyi. Na mtu mzima akiwaambia ya kuwa amekwisha kauka, mwonyesheni moto ulipo.