Barua kutoka ughaibuni: Siku ya mwisho kabla ya matokeo

Mahafali ya kidato cha nne katika shule za sekondari za Tanga hufanyika kabla ya mtihani wa taifa. Wiki chache kabla karatasi ya kwanza haijafunguliwa, wahitimu hupanga mistari, huingia ukumbini kwa mwendo wa madaha, hupewa vyeti vya kumaliza shule na kupongezwa kwa kazi ambayo bado haijapimwa. Mtu aliyezoea sherehe za Marekani huona mambo yamepinduliwa, tunda kusifiwa kabla ya kuonjwa. Lakini mpangilio huo ndio unaoeleza kwa nini Watanga walioko London, Muscat au Houston huizungumzia siku hiyo kuliko siku ya matokeo. Ilikuwa siku ya mwisho ambayo darasa zima lilisimama sawa.

Neno mahafali lina asili ya Kiarabu na maana yake ni mkusanyiko wa watu. Kuhitimu nalo linatokana na shina la kutia muhuri, kufikisha jambo tamati. Katika pwani hii, kutoka Moa hadi Pangani, watoto walihitimu kabla hapajakuwa na shule ya serikali: aliyemaliza msahafu chuoni alisomewa dua mbele ya wazee, na mwalimu wake akapata zawadi yake. Shina hilohilo ndilo lililozaa hitima, kisomo cha Kurani kinachosomwa kwa ajili ya marehemu.

Shule ya kwanza ya serikali katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki ilifunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafundisha kwa Kiswahili na kutoa makarani, walimu na maakida. Shule za sekondari ambazo Watanga wa leo huzitaja kwa mapenzi ni za baadaye: Popatlal, Usagara, Tanga Ufundi, na Galanos yenye jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Ukitoka mjini kuna Korogwe Wasichana, na juu milimani Lushoto kuna Magamba, Shambalai na Kifungilo. Baada ya Azimio la Arusha wanafunzi wa shule za serikali walipangwa bila kujali mkoa waliotoka, kwa hiyo darasa moja la Tanga liliweza kuwa na Mdigo wa Mkinga, Muha wa Kigoma na Mhaya wa Bukoba, wakila maharage ya sufuria moja na kuamshwa na kengele moja. Wageni hao walijifunza Kiswahili cha Tanga mabwenini, na wengine hawakukiacha tena.

Siku ya mahafali huanza alfajiri. Wapishi huinjika masufuria ya pilau nyuma ya jiko la shule. Wanafunzi wa vidato vya chini wamekwisha kufagia uwanja na kupaka chokaa mawe ya kando ya njia, na vijana wa muziki wanajaribu vipaza sauti. Wazazi huja kwa daladala na bodaboda, na wengine kwa baiskeli, maana Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani. Akina mama hubeba kanga mpya na mashada ya maua ya kung'aa, wakayaficha mikobani hadi saa yake ifike.

Mgeni rasmi, awe mkuu wa wilaya, mbunge au meneja wa kampuni, kwanza hupitishwa maabara. Mwanafunzi wa kemia humweleza jinsi asidi inavyobadilisha rangi, mkono ukitetemeka na chupa ikigongana na mdomo wa bika. Kisha hufuata burudani: kwaya, kaswida, sarakasi, mdumange wa Wasambaa, na ngonjera, mashairi ya majibizano ambayo Mathias Mnyampala aliyaeneza hata yakawa sehemu ya kila sherehe ya shule. Watu wazima waliosahau kanuni zote za fizikia bado wanaweza kutaja nani alikuwa upande upi wa ngonjera na nani alisahau ubeti wake katikati.

Kiini cha siku, hata hivyo, ni risala. Watoto huiona ndefu na wazazi husinzia, lakini ndiyo kumbukumbu ya haki pekee ambayo darasa hujiandikia. Msomaji, kwa kawaida kaka mkuu au dada mkuu, hutaja idadi ya walioanza kidato cha kwanza, halafu idadi ya wanaohitimu, halafu huieleza tofauti: waliohama, walioacha kwa utoro au kwa kukosa ada, waliofariki, na wasichana waliopata mimba. Hawa wa mwisho hawakuwa na mlango wa kurudia katika shule za serikali hadi Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurejea masomoni. Kwa hiyo usawa wa siku ya mahafali ni usawa wa waliofika. Baadhi ya wasiofika walikuwa mita mia chache tu kutoka uwanjani, nyumbani kwao, wakiisikia sauti ya kipaza sauti huku wakinyonyesha. Walioko ughaibuni wakianza kuhesabu wenzao, majina hayo huja mapema, na swali la kwanza huwa yuko wapi sasa.

Baada ya hapo risala huomba: uzio, tangi la maji, walimu wa hisabati, bweni. Mgeni rasmi hujibu kwa nasaha na ahadi, na harambee fupi hupigwa papo hapo. Vyeti hutolewa kwa jina. Mzazi husikia jina la mwanawe, husimama na kwenda kumvisha shada, na vigelegele huanza. Wapo wanaotunza, wakimbandika noti kifuani au kumtilia mfukoni, kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarabu katika mji uliowahi kusikiliza Black Star na Lucky Star. Mtoto ambaye mzazi wake hakupata nauli ya kuja huvishwa shada na mzazi wa mwenzake. Desturi hii haimo katika ratiba yoyote iliyochapwa, na ni nzuri kuliko zote zilizomo.

Zamani, wiki za kuelekea mahafali zilikuwa wiki za otografu. Daftari lenye jalada gumu lilizungushwa darasani na mabwenini, kila mmoja akaandika ukurasa wake: jina kamili, jina la utani, chakula akipendacho, nasaha, na mwisho anwani. Anwani hiyo mara nyingi haikuwa ya mwanafunzi wala ya nyumba. Ilikuwa sanduku la posta la mahali alipofanya kazi baba yake, bandarini, reli, hospitali ya Bombo, shamba la mkonge la Pongwe au Amboni, au la msikiti na parokia. Baba akistaafu, anwani inakufa. Mkonge uliposhuka bei na mashamba kufungwa, masanduku mengi yalibaki na barua zisizo na mwenyewe, na urafiki wa miaka minne ukakatika kwa sababu isiyohusiana hata kidogo na marafiki wenyewe.

Mtihani ukiisha kila mtu hushika njia yake, na matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Kwa miaka mingi majibu ya watahiniwa yalipelekwa Cambridge kusahihishwa. Tangu miaka ya 1970 kazi hiyo ni ya Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Masomo 7 yaliyofanywa vizuri zaidi hujumlishwa: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 26 hadi 33 ni la nne, na anayezidi hapo amepata ziro. Karatasi iliyobandikwa ubaoni, na siku hizi ukurasa wa simu, ilitenganisha katika dakika chache watu waliolala kitanda cha juu na cha chini. Mmoja alichaguliwa kwenda Mzumbe, Kibaha au Ilboru. Wa pili aliingia chuo cha ualimu. Wa tatu alirudi Pangani kuvua au Muheza kuchuma machungwa, na wa nne akazamia meli bandarini bila kumwambia mtu. Waliofika kidato cha sita walikutana tena mara moja, jeshini, kwa kuwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilikuwa lazima hadi 1994 na likarejeshwa 2013. Wapo Watanga waliosoma mbali na kujikuta wamepangiwa kambi ya Maramba au Mgambo, mwendo mfupi kutoka kwao.

Kutafutana baada ya kutawanyika si jambo jipya Tanga. Gazeti la Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga wakati wa Wajerumani hadi 1916, lilipokea habari kutoka kwa makarani na walimu waliokuwa wanafunzi wa shule hiyo, wakiandika kutoka vituo vya mbali walikopelekwa. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Machui, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kwa zaidi ya robo karne, na barua hizo zilikuja kuchapishwa kuwa kitabu. Martin Kayamba, Mbondei aliyesoma Kiungani, Unguja, na kuwa karani mkuu Tanga, alikwenda London mwaka 1931 pamoja na Francis Lwamugira wa Bukoba na Mtemi Makwaia wa Usukumani kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Mwaka uliofuata aliwaandikia wenzake waliobaki kitabu cha aliyoyaona na aliyoyafanya huko. Kila anayetuma habari Tanga kutoka ng'ambo kwa Kiswahili anatembea katika njia ya Kayamba, ajue asijue.

Leo njia ni kundi la WhatsApp lenye jina la shule na mwaka wa kuhitimu. Hapo mgosi (jamaa) wa Houston na mgosi wa Ngamiani, mjini Tanga, huitana kwa majina ya utani ambayo wake na waume zao hawajapata kuyasikia. Shule yao inapofanya mahafali, picha hurushwa moja kwa moja. Saa nne asubuhi ya Tanga mwezi Septemba ni saa mbili asubuhi London, saa tano Muscat na saa nane za usiku Houston. Wanaobeba boksi, kama kazi za ughaibuni zinavyoitwa hata pale ambapo boksi ni mzee wa miaka 90 anayehitaji kugeuzwa kitandani, hutazama mahafali hayo katika mapumziko ya zamu, simu ikiegemezwa kwenye kikombe. Wanatafuta mti uliokuwa nje ya darasa lao. Wanaangalia kama uzio ulioombwa katika risala yao umejengwa, na mara nyingi michango ya kuujenga hutoka kwao.

Ndani ya kundi madaraja ya mtihani yamekwisha kupoteza nguvu, na hili halikutokana na adabu tu. Waliopata ziro au daraja la nne ndio kwa sehemu kubwa waliobaki Tanga. Wana gereji, wana duka barabara za Ngamiani, wanaendesha bajaji. Ndio wanaompeleka Bombo mama wa aliyeko Uingereza, wanaosimamia msingi wa nyumba ya aliyeko Marekani na kuhesabu mifuko ya saruji, wanaobeba jeneza kwa niaba ya mtoto aliyekosa tiketi. Mwenye shahada tatu humpigia simu usiku mwenzake aliyekuwa akimwonyesha majibu ya jiografia, na anayeomba msaada ni yeye.

Watoto wao nao sasa wanahitimu, lakini kwa utaratibu mwingine. Marekani sherehe ya sekondari huwa Mei au Juni, baada ya alama kujumlishwa. Wahitimu huvaa joho na kofia ya pembe nne, na waliofaulu zaidi huvishwa kamba au vitambaa vya kuwatofautisha. Uingereza mtihani wa miaka 16 hufanywa Mei na Juni, na matokeo hutoka Agosti. Pale kinachokumbukwa ni bahasha ya matokeo. Mzazi wa Kitanga hujikuta katika ukumbi ambao wageni wameombwa wasipige makofi hadi jina la mwisho lisomwe. Wengi hujikaza. Wapo akina mama ambao kigelegele huwatoka, kisha kanga hutolewa mkobani na kutandazwa juu ya joho, pamoja na shada lililosafirishwa kutoka Tanga ndani ya sanduku. Mtoto huona haya siku hiyo, lakini picha anayoihifadhi ndiyo hiyo yenye kanga.

Kazi kubwa kuliko zote za kundi huja mwenzao anapofariki. Taarifa hutumwa na aliye karibu, rambirambi hukusanywa kwa simu kabla maiti haijatoka hospitalini, na picha ya darasa hurudi kioo baada ya kioo: walimu wamekaa benchi la mbele, marehemu amesimama mstari wa tatu, shati limemzidi. Akiwa Mkristo wa Magila, Waislamu wa darasa lake hubeba turubai, viti na usafiri. Akiwa Mwislamu, Wakristo hushika hayo, na wenzao hugawana hitima. Msahafu una juzuu 30, na mgao huandikwa kundini kwa orodha, kila mtu akiweka jina lake mbele ya juzuu yake ili zote zikamilike kabla ya dua itakayosomwa Tanga baada ya alasiri. Muscat huchukua, London huchukua. Zinazobaki bila jina, kwa kuwa zamu ya Houston imeingiliana na saa ya kisomo, husomwa na walioko Ngamiani.