Gramu Ishirini

Babu yangu alitaka sahihi ya mtu aliyetembea mwezini. Hakutaka picha wala kitabu. Alitaka jina tu, kwa kalamu, kwenye kadi. Waliokanyaga mwezi walikuwa kumi na wawili, kati ya 1969 na 1972, na mwaka 2024 babu aliponieleza haja yake walikuwa wamebaki wanne. "Fanya haraka, mchumba," aliniambia. "Wao wazee, na mimi mzee."

Tulimchagua mmoja. Jina lake nitaliacha, nisije nikamletea mzigo wa barua.

Babu si mgeni wa mambo haya. Mwaka 1969 alikuwa karani wa dirishani, Posta na Simu ya Afrika Mashariki, enzi za Jumuiya ile iliyovunjika 1977. Usiku wa Julai 20 alikuwa kwenye redio ya jirani. Chombo kilitua saa tano na dakika 17 usiku kwa saa zetu, na Armstrong aliposhuka ngazi ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili alfajiri. Babu akaenda kazini bila kulala.

Ukimwomba mtu sahihi kwa barua, kanuni ni kutomgharimu. Unaweka bahasha ndani ya bahasha, na ile ya ndani ina anwani yako na stempu ya kurudia. Shida ni kwamba stempu ya Tanzania haina kazi Marekani. Zamani jibu lilikuwa kuponi ya majibu ya kimataifa, iliyoanzishwa 1906. Unainunua hapa, mwenzako anaibadilisha kwa stempu kule. Babu alikuwa akiziuza kwa mkono wake. Nilipoiulizia kwenye posta niliyokwenda, dada wa dirishani aliniomba nirudie swali, kisha akaenda kumwita mwenzake. Marekani yenyewe iliacha kuziuza 2013. Na hata ningeipata, nani amtume mzee wa karibu miaka tisini akapange foleni kwa ajili ya kadi yetu?

Binamu yangu anayesoma Ohio alipokuja likizo alituletea stempu mbili za duara za barua za nje. Wakati huo moja ilikuwa dola 1.65, zaidi ya shilingi elfu nne. Uzuri wake, haziharibiki bei ikipanda. Ubaya wake, nilizilipia mwezi ambao posho ya utafiti ilikuwa haijaingia, na mtu anayeishi kwa wali maharage huanza kupiga hesabu za kila kitu.

Ndipo tukafika kwenye uzito. Hatua ya kwanza ya bei dirishani iliishia gramu 20. Nilitaka kwenda dukani kuazima mizani, babu akacheka. Karatasi za A4 kumi na sita, akasema, ni mita moja ya mraba. Karatasi ya gramu 80 ukiigawa kwa kumi na sita unapata gramu tano. Bahasha mbili, kumi. Kadi, tatu. Barua ya ukurasa mmoja, tano. Jumla kumi na nane, na stempu na gundi ndani yake.

Lakini babu alikuwa ameandika kurasa mbili.

"Ishirini na tatu," nikasema. "Tunaingia hatua ya pili. Andika nyuma ya karatasi."

"Mtu mzima haandikiwi nyuma ya karatasi."

"Basi punguza, babu."

Alinitazama kidogo, akachukua ukurasa wa pili, akaukunja mara nne, akautia chini ya redio. Kwenye ule wa kwanza akabana mistari miwili ya kuomba sahihi, akatia jina lake. Nikafunga bahasha, nikaipeleka. Nilijiona mtu wa mipango.

Wiki mbili baadaye nilikuwa napangusa vumbi mezani kwake, nikaufungua. Ulikuwa unamhusu bibi. Alfajiri ile, babu akipita kwao akielekea kazini, alimkuta anafagia uwanja, akamwambia watu wamefika mwezini. Bibi akauliza watarudije. Hiyo ndiyo mara ya kwanza waliongea. Babu alitaka yule mzee wa Marekani ajue kwamba kuna mtu huku aliuliza swali hilo.

Bibi alifariki 2019. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo, wala yeye hakuwahi kunisimulia. Nilirudi posta kuulizia hatua ya pili ingekuwa shilingi ngapi zaidi. Nilipoambiwa, niliona haya. Sahani ya chipsi mayai ingeizidi.

Sasa ni mwezi wa tano na bahasha haijarudi. Kila Jumamosi nafungua sanduku la posta, kisha nakwenda kumwamkia. Juzi, baada ya shikamoo, hakuuliza kama kuna kitu.

"Ile stempu nyingine," akasema, "bado nzima?"

"Nzima, babu."

Mezani palikuwa na karatasi tatu, na ya juu ilianza na uwanja unaofagiliwa.

"Hesabu basi," akasema, akanisogezea.


Nilizipokea, nikaanza kusoma.