Barua ya Maziwa

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, anayesomea Kiswahili na taaluma ya tafsiri, alikuwa nyumbani likizoni babu yake alipomkabidhi barua kutoka chama cha ushirika cha maziwa. Ilikuwa ya Kiingereza. Ilieleza kwamba malipo ya majuma mawili hayakuingizwa, "due to an oversight". Msichana hakusita.

"Babu, wanasema ni kwa sababu ya usimamizi."

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza ni nani aliyemsingizia kwamba hutia maziwa maji. Kuanzia kesho yake hakupeleka hata lita moja kituoni.

Neno "oversight" limeambatanishwa kutokana na maneno mawili, la kwanza likimaanisha juu, la pili kuona. Atazamaye kutoka juu husimamia. Lakini jicho lipitalo juu ya kitu huweza pia kukikosa. Ndipo neno moja likabeba maana zinazokaribia kupingana: uangalizi na kughafilika. Vitenzi vya ukoo huo vimekwisha kugawana kazi, kwani "oversee" ni kusimamia na "overlook" aghalabu ni kupitiwa. Nomino ndiyo iliyosalia njia panda. Msichana aliizoea kwa maana ya kwanza tu, ile ya ibara ya 95 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayolipa Bunge la Taifa jukumu la kusimamia vyombo vya dola.

Hata hivyo, kijineno "an" kilitosha kumwonya. Kwa Kiingereza usimamizi hauhesabiki; kosa huhesabika. Kiswahili hakina kibainishi cha aina hiyo, na yamkini ndiyo maana alikiruka. Ajabu ni kwamba katika mtihani wa muhula uliotangulia alikuwa ameeleza barabara kwamba kiinimacho si kiini cha jicho!

Siku ya tisa alifungua kamusi kwa shughuli nyingine, akaiona maana ya pili. Alimfuata mzee zizini.

"Babu, nisamehe. Niliyekosea ni mimi. Hawakukushuku, walisahau tu."

"Walisahau?"

"Ndiyo, Babu."

"Na kwao kusahau na kusimamia ni neno moja?"

"Ni moja, Babu."

Mzee alimtazama kwa muda, akaingia ndani kuchukua koti na kitabu chake cha maziwa, akashika njia ya ofisini. Maziwa ya siku tisa yalikuwa yamekwisha kunywewa na ndama na majirani.